Sura ya Sita: Mtu wa Pili

Mdogo wangu aliponipigia simu kutoka Katoro, mkoani Geita, hakuomba hela, na hilo peke yake lilitosha kunishtua. Ilikuwa mwaka 2018, wakati wa masika. Nyuma yake karasha lilikuwa likisaga mawe, ikambidi apaze sauti kwa jambo ambalo nadhani alitaka kulisema polepole. "Kaka, hivi huko mjini hakuna sehemu wanakutana watu wanaoacha?" Nikamuuliza wanaoacha nini. Akakaa kimya kidogo. "Pombe, kaka. Peke yangu nimeshindwa."

Nilikuwa stendi ya Kahama nikisubiri gari la Shinyanga. Nilimwambia nitaulizia, nikakata simu, nikaanza palepale. Kijana wa bodaboda niliyemuuliza alinitajia vilabu vya pombe ya mtama, grosari za bia, na hata uchochoro ambao ukipita jioni unasikia harufu ya gongo ikipikwa. Alivitaja bila kufikiri, kama mtu anavyotaja vituo vya daladala. Nilipomweleza kwamba natafuta kikao cha watu wanaoacha pombe alinitazama kwa huruma, akafikiri kweli, kisha akasema, "Labda kanisani, mzee." Mama muuza chai alisema hospitali. Kondakta wa gari letu alisema polisi.

Wote watatu walitaka kunisaidia, na wote walikuwa wanabahatisha kama mimi. Nilipanda gari sina jibu. Nimelipata kwa vipande, kwa miaka, na sehemu kubwa nimefundishwa na huyo huyo mdogo wangu. Haya ndiyo ningemwambia siku ile kama ningeyajua.

Swali lake lilikuwa gumu kwa sababu ya mahali alipokuwa. Ukanda huu, ukianzia kwenye almasi za Mwadui, ukapita Kahama na Bulyanhulu, ukaingia Geita mpaka Nyarugusu, Mgusu na Lwamgasa, umejaa watu waliokuja. Mkoa wenyewe wa Geita ni mchanga. Ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumega Mwanza, Shinyanga na Kagera. Ndani ya uzio wa migodi mikubwa kuna mikataba, zamu, na kipimo cha pombe getini. Nje ya uzio mambo ni mengine. Kijana anayeshuka duarani, yaani kwenye shimo la mgodi, ambaye huku tunamwita nyoka, hana mshahara. Mwenye duara anamlisha, mawe yakipatikana yanagawanywa kwa mifuko, naye anapeleka mgao wake karashani ukasagwe, kisha mwaloni ukaoshwe, kisha kwa mnunuzi. Anaweza kumaliza miezi mitatu akila ugali na dagaa, halafu mchana mmoja akashika hela ambayo baba yake hajawahi kuishika. Pale alipo hana mke, hana mjomba, hana jirani anayelijua jina la ukoo wake. Jioni hiyo, mahali penye taa, muziki, viti na watu wanaofurahi kumwona ni pamoja tu: kilabuni.

Utasikia wakisema hela ya dhahabu haikai, kwamba usipoitumia dhahabu yenyewe inakukimbia. Nimewasikia watu wazima wenye akili zao wakilisema hilo na kuliamini, na sijaona imani iliyowanufaisha wauza pombe kuliko hiyo. Serikali ilipopiga marufuku viroba vya pombe, tarehe 1 Machi 2017, wengi tulishukuru, na nilishukuru mimi pia. Pombe kali ikahamia kwenye vichupa vya plastiki. Mdogo wangu aliniambia tofauti aliyoiona ni kwamba kichupa kina kifuniko, kwa hiyo mtu anaweza kushuka nacho duarani.

Lakini kilichomshika kule zaidi ya kilevi chenyewe ni watu. Kilabuni ndiko alikoitwa jina, ndiko alikopewa pole alipofiwa na mama yetu, ndiko alikokopeshwa nauli ya kuja msibani. Sisi ndugu zake tulikuwa tukimwambia "acha pombe" miaka yote hiyo, na hatukuwahi kumwonyesha angekaa na nani jioni.

Kabla ya kikundi chochote, hospitali. Nasema hili kwa mkazo, maana nusura nimuue mdogo wangu kwa kutolijua.

Nilimfuata Katoro siku mbili baada ya ile simu. Nilimkuta ameoga, amevaa shati safi, tangu jana jioni hajagusa kitu, ana uchangamfu wa mtu aliyekata shauri. Nilipanga nimpeleke Mwanza. Njiani tulipitia kituo kimoja cha afya, na aliyetupokea akatuambia ulevi si ugonjwa, tumpeleke akaombewe. Tukaendelea mpaka Busisi. Siku hizo daraja la Kigongo–Busisi halikuwapo. Hilo la kilomita 3, lenye jina la Rais Magufuli, limefunguliwa Juni 2025. Sisi tulisubiri kivuko. Foleni ilikuwa ndefu, jua kali, na mikono ya mdogo wangu ikaanza. Mwanzoni alidhani ni njaa. Nikamnunulia samaki na soda. Ile chupa iligongana na meno yake mpaka soda ikamwagikia shati lake safi. Jasho lilimtiririka usoni, lakini ukimshika mkono ulikuwa wa baridi. Kisha akaniuliza kwa nini wale watoto wanampigia kelele. Hapakuwa na watoto.

Mchuuzi alikuwa akipita kwenye foleni na sanduku la biskuti, sigara na vichupa vya pombe kali. Nikanunua kimoja. Nilimshikia, akanywa kama mtoto anavyonyweshwa dawa, macho kayafumba. Baada ya muda mikono ikatulia. Nililia kwenye kivuko kile, nikiamini nimeharibu kila kitu kwa mikono yangu.

Daktari wa Mwanza hakunilaumu. Alinieleza kwa utulivu kwamba ubongo uliozoea pombe kila siku unakuwa umejipanga kupambana nayo. Ukiiondoa ghafla, nguvu ile ya kupambana inabaki haina cha kuizuia. Kutetemeka na jasho huanza kama saa 6 hadi 12 tangu mtu alipokunywa mara ya mwisho. Degedege, likija, huja ndani ya siku 2 za mwanzo. Kuchanganyikiwa kwenyewe, mtu akiona yasiyokuwapo huku ana homa na moyo unakwenda mbio, huja zaidi kati ya siku ya 2 na ya 4, na bila matibabu huua. Kinga yake haina maajabu: daiazepamu kwa kipimo kinachopunguzwa siku hadi siku, maji, chakula, na vitamini B1, ambayo pombe huimaliza mwilini. "Ungeishia Geita," aliniambia. "Hili hata hospitali ya mkoa wanaliweza. Pombe njiani siyo tiba, usije ukaifanya mazoea. Ila kumkatia ghafla ndiko kungemmaliza."

Kwa hiyo anayekunywa kila siku, na hasa yule anayezimua asubuhi ili mikono itulie, asiache ghafla akiwa amejifungia chumbani peke yake. Aliye Shinyanga aende hospitali ya rufaa ya mkoa pale Mwawaza. Aliye Kahama aende hospitali ya manispaa, na aliye Geita aende hospitali ya rufaa ya mkoa. Aulizie kitengo cha afya ya akili. Neno akili linawatisha wengi, wanaona wataitwa vichaa, lakini hilo ndilo dirisha linaloshughulika na pombe na hakuna la kuona haya. Na akifika aseme ukweli kuhusu gongo. Kwa kuwa gongo imekatazwa na sheria, mtu anayekunywa nusu lita kila siku humwambia daktari "bia mbili tatu tu". Daktari si askari. Anahitaji kujua, kwa sababu gongo haina kipimo, na iliyoingia methanoli hupofusha macho na kuua.

Huenda akaulizwa maswali 10 kuhusu unywaji wake. Asiyaogope. Ni kipimo cha Shirika la Afya Duniani kiitwacho AUDIT, kilichotayarishwa miaka ya 1980 kwa majaribio katika nchi sita, Kenya ikiwamo, na alama 8 au zaidi huashiria kwamba unywaji umefika pabaya. Kule Moshi, kwenye idara ya dharura ya KCMC, wauguzi wamekuwa wakikaa na majeruhi wanywaji kwa mazungumzo mafupi, katika mpango unaoitwa Punguza Pombe Kwa Afya Yako. Ninachokipenda kwenye mazungumzo hayo ni kwamba muuguzi hahubiri. Anamwuliza mgonjwa mwenyewe anauonaje unywaji wake. Nimeyataja ili msomaji ajue kwamba akikutana na mhudumu wa kumfokea, hivyo sivyo kazi inavyotakiwa kufanywa. Aulize mwingine.

Mdogo wangu alilazwa siku sita. Alipotoka alikuwa anakula na kulala. Daktari akamwambia, "Sasa tafuta kikundi." Tukawa tumerudi stendi ya Kahama.

Hapo ndipo nilipoanza kusoma habari za vikundi hivi vilikotoka, nikakutana na kisa ambacho ningependa kila mchimbaji akisikie. Mei 1935, mfanyabiashara wa hisa kutoka New York aitwaye Bill Wilson alikwama mjini Akron, jimbo la Ohio, Marekani. Alikuwa amekwenda kugombania kampuni ya mashine za mpira, akashindwa. Mfukoni alikuwa na dola chache. Alikuwa na miezi kama mitano bila pombe, na katika miezi hiyo alijaribu kuwasaidia walevi wengine na hakuna hata mmoja aliyeacha. Jumamosi jioni akawa amesimama ukumbini mwa hoteli ya Mayflower, mgeni mjini, dili limekufa. Upande mmoja ni baa na vicheko vinatoka. Upande wa pili ni simu, na karibu yake orodha ya makanisa ya mji. Ondoa Akron uweke gesti ya Katoro, weka duara lililotoa mawe matupu mahali pa ile kampuni, na kila nyoka ataijua jioni hiyo.

Alikwenda kwenye simu. Na hakupiga ili aombewe. Alikuwa ameng'amua kwamba ingawa wale aliowasaidia hawakuacha, yeye mwenyewe hakunywa katika siku zote alizokuwa akiwahangaikia. Akaanza kuuliza, namba baada ya namba, kama kuna anayemfahamu mlevi yeyote hapo mjini anayeweza kuzungumza naye. Mwishowe akampata mama mmoja, Henrietta Seiberling, aliyemfahamu daktari wa upasuaji aliyekuwa akizama, Bob Smith. Walikutana kesho yake, Jumapili tarehe 12 Mei. Daktari alikuja na mning'inio, akasema anatoa dakika 15 tu. Waliachana baada ya saa 5 usiku. Daktari yule aliteleza mara moja baadaye. Mara yake ya mwisho kunywa ilikuwa 10 Juni 1935, na siku hiyo ndiyo Alcoholics Anonymous, ambao wengi huwaita AA, huihesabu kuwa siku waliyozaliwa. Kabla mwezi haujaisha wakaenda wote wawili hospitali kumtafuta wa tatu.

Kisa hiki nilikisoma mara nyingi kabla ya kuona kilichokuwa mbele ya macho yangu. Hapakuwa na kikundi Akron. Wilson hakuuliza anwani ya mkutano, maana haukuwapo popote duniani. Aliuliza mtu. Na Dk. Smith alikuwa ameshahubiriwa, ameshaombewa. Kitu ambacho hakuwahi kupata ni kuketi na mtu aliyewahi kutetemeka kama yeye, aliyekuja kwa sababu na yeye anamhitaji.

Walichokijenga baadaye kina taratibu chache. Hakuna ada; mwenye kitu anachangia chai na kodi ya ukumbi. Sharti la kuingia ni kutaka kuacha kunywa, basi. Jina kamili halitajwi. Hatua zao 12 zinamtaja Mungu lakini zinamwachia kila mtu imani yake, jambo ambalo kwa huku kwetu ni kubwa, maana kwenye duara moja utamkuta Mwislamu, Mkatoliki, Msabato, na mtu ambaye asubuhi kabla ya kushuka amepitia kwa mganga.

Kwa Tanzania, vikundi vya AA vimekuwako Dar es Salaam na Arusha. Zanzibar kuna nyumba za upataji nafuu, ambazo mitaani tunaziita soba hausi, zinazotumia hatua hizo hizo 12 kwa Kiswahili. Zilianzishwa zaidi kwa ajili ya waliozama kwenye heroini. Ukifikiria kumpeleka mtu wako nyumba ya aina hiyo, popote ilipo, uliza kabla ya kulipa: mhudumu wa afya yupo? Watu wanafungwa au kupigwa? Wanaoiongoza wenyewe waliacha lini? Na usipotee kama nilivyopotea mimi, nikatumia siku nzima kufuatilia kliniki ya methadoni kwa kuwa nilisikia "inatibu uraibu". Methadoni, iliyoanza kutolewa Muhimbili mwaka 2011 na baadaye Mwanza na kwingineko, ni ya waraibu wa heroini. Pombe haiitibu.

Tulijaribu pia mkutano wa kwenye simu. Ipo mikutano ya AA inayofanyika kwa intaneti usiku na mchana, ya bure, na anayejua Kiingereza na ana bando ataipata hata akiwa Nyarugusu. Mdogo wangu alikaa kitandani kwangu na simu yangu dakika 40. Kiingereza chake ni cha darasa la saba. Alipoirudisha aliniambia jambo moja tu, kwa mshangao mkubwa. "Wanacheka, kaka." Hakuwa ameelewa walichosema. Alikuwa hajui kwamba watu walioacha pombe wanaweza kucheka.

Sasa, watu wa ukanda huu ndio wa mwisho wa kuambiwa kwamba hawajui kukutana. Kahama na majirani zake ndiko walikozaliwa sungusungu mwanzoni mwa miaka ya 1980, wanakijiji walipochoka kuibiwa ng'ombe wakajipanga wenyewe bila kungoja mtu wa mjini. Wasukuma wamelima kwa vikundi vizazi na vizazi, jembe likifuata ngoma ya bugobogobo, shamba la huyu leo, la yule kesho. Kina mama wana vikoba: siku ni ileile, saa ni ileile, daftari liko wazi, na ukichelewa unalipa faini. Na kwenye kliniki za VVU wapo WAVIU washauri, watu wanaoishi na virusi wanaomshika mkono aliyepimwa jana. Mtu akishaelewa hawa wa mwisho, ameshaelewa kikundi cha kuacha pombe ni nini.

Na si lazima kiongozwe na msomi. Huko Eldoret, Kenya, watafiti waliwagawa katika makundi watu 614 wanaohudhuria kliniki za VVU na wenye tatizo la pombe. Baadhi walikutana mara moja kwa wiki, wiki sita, wakifundishana namna ya kuikabili pombe, na waliowaongoza walikuwa watu wa kawaida waliopewa mafunzo ya kazi hiyo. Wengine walipewa masomo ya afya kwa jumla. Matokeo yalitolewa mwaka 2021: wale wa kwanza walipunguza kunywa zaidi.

Sisi tulipata mtu wetu kwa njia ya kawaida kabisa. Nilikwenda kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, dada mmoja aliyekuwa na foleni ya kesi za matunzo ya watoto mpaka nje. Akanisikiliza. "Kikundi sina," akasema. "Ila namjua mtu mmoja. Nipe wiki nimuulize kwanza kama anataka kujulikana." Nimelikumbuka sana lile neno "kwanza". Angenipa namba palepale angekuwa amemsaliti mtu aliyemwamini, na pengine tungempoteza kabla hatujampata.

Alikuwa fundi winchi, mwanamume wa miaka hamsini na kitu, aliyeacha pombe miaka mitatu nyuma alipoanza dawa. Walikutana Jumatano, saa 11 jioni, nyuma ya karasha baada ya mashine kuzimwa. Jumatano kwa sababu iko mbali na gulio na mbali na Jumapili. Nilimsindikiza mdogo wangu, nikakaa mbali kidogo kwenye pikipiki. Walikalia viroba vya marudio, yaani mabaki ya mawe yaliyokwisha kusagwa, vumbi la mawe bado linaelea. Yule mzee alisema jina lake la mgodini, akasema miaka na miezi yake bila pombe. Mdogo wangu akasema lake. "Siku 19." Kisha mzee akasimulia jinsi alivyong'oa mabati ya nyumba ya mama yake, akayauza moja moja, akianzia upande wa nyuma ili mama asione mapema. Alisimulia bila kulia na bila kujisifu. Mdogo wangu akataka kumjibu, akaanza, "Mzee, ungefanya hivi..." Mzee akainua kiganja. "Sijakuomba ushauri, mdogo wangu. Nisikilize. Na mimi nitakusikiliza." Saa moja ilipotimia wakanyanyuka, wakapeana mikono, mzee akaenda kufunga winchi yake.

Suala la majina lilinishangaza jinsi lilivyokuwa jepesi. Mijini watu hulihangaikia. Machimboni kila mtu ana jina la mgodini, na unaweza kufanya kazi na mtu mwaka mzima usijue kwao anaitwaje. Kilichokuwa kigumu ni midomo. Walikubaliana kwamba maneno ya nyuma ya karasha yanaishia nyuma ya karasha, na yule wa nne aliyekuja, ambaye alikwenda kusimulia kilabuni alichokisikia, hakukatazwa kurudi, lakini Jumatano mbili zilizofuata walikaa mahali pengine.

Kufikia kiangazi walikuwa saba. Mahali walipachagua kwa uangalifu: si kanisani, ingawa mchungaji aliwapa ukumbi kwa moyo mweupe, kwa kuwa wawili walikuwa Waislamu, si kwa mwenye duara, kwa sababu anayejua siri ya udhaifu wako ndiye anayekugawia mawe. Mdogo wangu ndiye aliyewakumbusha habari za Nyangalata, kule Kahama, ambako Novemba 2015 wachimbaji watano walitolewa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi. "Wale," alisema, "kila mmoja angekuwa kwenye shimo lake wasingetoka."

Wanawake hawakuja, na nilikosea kufikiri hawapo. Wapo: wahudumu wa baa ambao sehemu ya kazi ni kunywa na mteja, kina mama wanaookota mawe kwenye marudio, na mama mpika gongo anayeonja kila mtungo. Huyu wa mwisho ana mtego ambao sina jibu lake jepesi. Gongo hiyo hiyo ndiyo ada ya shule. Ukimwambia aache, lazima umwambie na watoto watakula nini kesho, na hapo kikoba kinaweza kusaidia kuliko kikundi chochote. Kukaa na wanaume saba nyuma ya karasha asingeweza, na ni haki yake. Muuguzi mmoja alianza kuwakutanisha watatu kliniki, siku ya kuchukua dawa, mlango umefungwa. Wake wa wanywaji nao wana chao cha kusema. Mke wa Bill Wilson, Lois, alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa vikundi vya familia vya Al-Anon mwaka 1951, baada ya kugundua kwamba mume kaacha pombe na yeye bado ana hasira.

Mwezi wa saba mdogo wangu alipata mgao mkubwa. Ilikuwa siku ya Alhamisi. Hakunipigia. Kulikuwa na rashi imeanza upande mwingine wa mkoa, watu wanahamia na mahema, akaenda nao, simu ikawa haipatikani. Jumatano hakutokea. Niliyajua haya baadaye, kwa mdomo wake.

Fundi winchi alifunga kazi Jumanne iliyofuata asubuhi, akapanda bodaboda, akabadilisha nyingine njiani, akafika kwenye yale mahema saa 8 mchana akiwa mwekundu wa vumbi. Aliuliza kwa jina la mgodini hema kwa hema. Alimkuta amelala juu ya turubai, kichwa kakiweka kwenye buti. Hakumfokea. Alikaa chini, akavua kofia.

"Umekunywa siku ngapi?"

"Kama tano, mzee."

"Nyoosha mikono."

Akainyoosha. Mzee akaitazama muda mrefu, kama anavyotazama kamba ya winchi kabla ya kumshusha mtu. Ilikuwa inatetemeka.

"Tunapitia hospitali kwanza," akasema. "Halafu Jumatano ni kesho."

Mdogo wangu akamwambia hana nauli, hela yote imekwisha. Mzee alikuwa ameshasimama, anamtafutia buti la pili.